Papa Deziemu

Siku tulipomzika baba yangu, seremala alinijia na msalaba wa mbao begani, akaniuliza aandike jina gani: lile la kwenye karte ya kupiga kura, au lile ambalo watu wa mji wetu wa Baraka wanalijua. Nilimwambia aandike la kwenye karte. Akakuna kichwa. "Mama, batu batapita pale bataulizana: huyu ni nani?" Alisema kweli. Kule ufukoni mwa ziwa, mitumbwi ya moteur, yaani ya injini, inapovutwa mchangani, hakuna aliyemjua baba kwa jina la karte. Kwa miaka zaidi ya ishirini walimwita Papa Deziemu. Basi seremala akaandika yote mawili, la karte juu kwa herufi ndogo, la ufukoni chini yake kwa herufi kubwa, kwa rangi nyeupe iliyobaki kwenye kopo. Nikasimama pale nalitazama, nikalia. Watu wakadhani nalia kwa ajili ya kifo, na kweli nililia kwa ajili ya kifo. Lakini jina lile nilimpa mimi, kwa sentensi ambayo sikuimalizia, na kati ya wote waliokuwa pale na majembe yao ni mimi peke yangu niliyejua kwamba lilisimama juu ya uongo.

Sitasimulia nilizaliwa wapi wala nani wetu alikimbilia wapi wakati wa vita. Habari hizo kila nyumba ya huku Fizi inazo, na mwenye hamu nazo akae barazani kwa jirani yake, ataambiwa mpaka achoke. Nasimulia mwaka mmoja tu, mwaka ambao wazazi wangu walinirudisha chuoni Bukavu mara ya pili. Mara ya kwanza walinisindikiza kama maiti: mama alilia tangu asubuhi, shangazi zangu walilia, hata wanawake wa kwaya waliokuja kuniombea walilia, na baba alijifanya anatafuta spana yake nyuma ya nyumba ili tusimwone. Mara ya pili hakuna aliyelia. Walicheka, waliimba, walikaanga. Ajabu ni kwamba mara ya kwanza, katika kilio chote kile, sikuwa peke yangu hata kidogo. Upweke niliujulia kwenye ile furaha.

Inabidi nieleze jambo la chuo kwanza, la sivyo hakuna atakayeelewa. Mtihani wetu ulikuwa na nafasi mbili. Aliyefaulu mwezi wa Julai alikwenda likizo akitembea kifua mbele. Aliyeshindwa, jina lake lilibandikwa kwenye valvu, ndivyo tunavyoita ubao wa matangazo, likiwa na herufi A pembeni, maana yake ajurne, aliyeahirishwa, na alipaswa kurudi Septemba kujaribu tena. Kujaribu tena huko kunaitwa deziemu sesio, yaani awamu ya pili. Na mwaka wa pili wa masomo nao unaitwaje? Deziemu. Wanafunzi tulisema "deziemu" kwa yote mawili na kila mmoja alielewa, maana usoni tu ulimjua aliyefaulu na aliyeanguka. Mimi nilisoma biolojia na kemia, na kemia ilinipiga mweleka. Nilirudi Baraka na ile A kichwani, nikipanga maneno njia nzima.

Nilimkuta baba ufukoni amepiga magoti mbele ya moteur ya Mzee Etabo. Mzee Etabo alikuwa mwenye mtumbwi na rafiki wa baba, mtu wa mzaha, asiyeweza kuona mtu ameteleza bila kumpa jina. Baba alikuwa ameshika bulungi, bolti ya moteur, kwa meno, kama kawaida yake, mikono yote miwili ndani ya mafuta. Tukasalimiana. Akauliza huku ameuma ile bulungi: "Na utarudia siku gani?"

"Mu Septemba, Papa."

"Mbona mapema? Bamoja banasema masomo itaanza Novemba."

"Mi naenda mapema, Papa, sababu naenda deziemu se..."

Bulungi ilimtoka mdomoni ikaanguka mchangani. "Deziemu! Etabo, umesikia? Mutoto yangu iko deziemu!" Akanishika mabega kwa mikono yake ya mafuta, akanizungusha niwaangalie watu wote waliokuwa wakipakua samaki. Baba aliacha shule darasa la nne. Alijua kufungua moteur mpaka kipande cha mwisho na kuifunga bila kubakiza hata skrubu moja, lakini karatasi alizishika kwa ncha za vidole. Nilisema "Papa, ngoja." Nilisema kweli, naapa, lakini nilisema polepole, na ufukoni pana kelele. Kisha nikanyamaza. Mzee Etabo akapiga makofi, akasema, "Basi leo hii we si fundi tena. We njo Papa Deziemu!" Watu wakacheka, baba akacheka kuliko wote. Kwenye bega la blauzi yangu vikabaki vidole vyake vinne vyeusi, na sabuni haikuwahi kuvitoa.

Mpaka jioni ya siku ile bado ningeweza kurekebisha. Nimeifikiria jioni hiyo mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu. Tulikula bugali na sombe ya majani ya mihogo, baba akasimulia tena na tena jinsi bulungi ilivyoanguka, na kila aliposimulia ilianguka kutoka juu zaidi. Kesho yake ilikuwa ngumu zaidi kusema, keshokutwa zaidi, na wiki ilipokwisha haikuwa tena sentensi iliyokatika, ulikuwa uongo, tena wangu. Mchana mmoja nilikuwa nimejilaza, nikawasikia upande wa pili wa ukuta. Baba alikuwa anajifunza kulitamka. "De-zi-e-mu. Deuziyemu. Mama Anjelani, Bafaransa banasema namna gani?" Mama akamjibu, "Mi najua wapi? Uliza mutoto." Baba akasema, "Hapana. Nitamuhaibisha. Mutu ya deziemu, baba yake hajue hata kutaja?" Kisha nikamsikia anaanza upya, taratibu, kama anayetafuta uzi wa skrubu kwa kidole. Nilivuta kitenge nikajifunika uso, jua likiwa bado juu.

Siku ya kuondoka walichinja kuku. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, hakuna mjadala. Mtoto anayeigusa anachapwa. Siku ile baba aliichukua kwenye sahani yake, akaiweka kwenye yangu, mbele ya shangazi, mbele ya Mzee Etabo, mbele ya kwaya nzima. "Leo ni yako," akasema. "We njo mukubwa sasa." Watu wakapiga vigelegele. Nikaitia mdomoni nikaimeza nzima nzima, ikakwama kifuani, machozi yakanitoka. Mama alikuwa ananitazama. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Akanisogezea maji, akasema, "We mutoto, tafuna." Basi. Nimejiuliza miaka yote kama alijua. Alitangulia kufa kabla sijapata ujasiri wa kumuuliza. Alinifungia unga wa mihogo, ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu, kwenye mfuko, na bidon, dumu la mawese, aliyoifunga kwa nailoni mara tatu mdomoni, kisha akasimama kando ya gari bila kulia, kwa sababu mwaka wa pili watu hawalii.

Gari lilipita Swima wakati wanawake wanaanika ndagala, na tulipofika Makobola, ambako watu wengi waliuawa wakati wa vita, abiria wakanyamaza wenyewe, kama wanyamazavyo siku zote pale, kisha mbele kidogo mazungumzo yakaanza tena. Mama mmoja aliyebanana nami aliniuliza naenda wapi. "Bukavu, ku masomo." "Mwaka gani?" Nikafungua mdomo, na neno lililotoka lilikuwa lile lile. Hata kwa mtu nisiyemjua. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Chumba changu Bukavu kilikuwa cha mbao, mlimani, na mbao zilikuwa zimeachana kiasi kwamba nilijua jirani anapika nini kabla ya kumuuliza. Wakati wa mwaka wa kwanza tulikaa wawili, mimi na msichana wa Goma aliyecheka hata usingizini. Yeye alifaulu; Septemba alikuwa kwao, na kitanda chake kilibaki na godoro lililokunjwa. Mji ule ni wa baridi kwa mtu wa Baraka. Mvua ikinyesha juu ya bati husikii hata mawazo yako, na mimi nilishukuru. Nilipika bugali ya mtu mmoja, kitu ambacho mikono yangu haikukijua. Kila mara ilizidi, nikala kiporo asubuhi. Chuo kilikuwa kitupu. Sisi wa Septemba tulipishana ukutani bila kuulizana habari. Mtu anaweza kuwa na wenzake arobaini wenye aibu ile ile na bado asiwe na hata mmoja.

Oktoba walibandika tena. Nilingoja watu wapungue, nikasogea. A bado ilikuwa pale, mbele ya jina langu, na chini yake wameandika kwamba wenye A wote wanarudia mwaka. Yaani nadubla. Sikulia. Nilirudi chumbani, nikafungua bidon ya mama, nikakata nailoni ya kwanza, ya pili, ya tatu, na harufu ya mawese ya kwetu ilipotoka ndipo nilipokaa chini sakafuni nikalia mpaka jirani akagonga mbao kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna. Akasema pole hata hivyo.

Kwa hiyo mwaka ambao Baraka nzima ilijua niko deziemu, niliukalia kwenye benchi la mwaka wa kwanza. Wapya waliniita Ya Anjelani, dada mkubwa, wakaniomba daftari zangu za zamani, wakashangaa jinsi nilivyojua mahali profesa atakapofanya mzaha wake. Wenzangu wa zamani walikuwa ukumbi wa pili. Mapumziko yakifika nilisikia kicheko cha yule wa Goma kupitia dirishani. Alihamia kwa dada yake mtaa mwingine, na kitanda kile kikabaki hivyo hivyo. Mwanzoni alinitafuta. Mimi, kwa hasira zangu za karibu, nilimjibu vibaya mara mbili, na mara ya tatu hakuja. Kosa lilikuwa langu. Nilitaka mtu anitafute na nilitaka asinione, na hayo mawili hayakai chumba kimoja.

Lakini yote hayo ningeyavumilia. Kilichonimaliza ni Jumapili. Baba hakuwa na simu. Mzee Etabo alikuwa nayo. Kila Jumapili baada ya ibada walikwenda pamoja kwenye kilima kidogo ambako rezo ya simu ilishika, wakanipigia, na baba aliamuru simu iwekwe kwenye sipika. Nilisikia ziwa nyuma yao, na kuku, na watu wakikohoa.

"Anjelani, mama yangu, tunakusikia! Wambie batu uko wapi."

"Niko Bukavu, Papa."

"Najua Bukavu! Wambie uko mwaka gani!"

Nikasema. Nikasikia makofi. Mzee Etabo akapiga kelele, "Papa Deziemu, lipa chai!" Wiki iliyofuata nikasema tena. Baada ya wiki kadhaa nilijifunza kuyapanga maneno yasiwe uongo mtupu: "Tunaendelea, Papa," "Masomo ni mengi, Papa," "Musituache mu maombi." Nilikuwa hodari. Wakati mwingine nilizima simu na baadaye nikasema chaji iliisha. Siku za Jumapili ambazo hawakupiga, nilikaa na simu mapajani hadi jua likazama, nikiomba wasipige, na nikiumia kwa sababu hawakupiga. Krismasi sikwenda nyumbani. Nilisema njia ni mbaya. Njia ilikuwa nzuri kuliko miaka mingi iliyotangulia; magari yalipita kila siku. Nilikula ndagala za mwisho siku ile, nikazihesabu kabla ya kuzitia kwenye sufuria. Zilikuwa kumi na moja.

Mwaka ule nilisoma kama mwenye deni. Julai nilifaulu, tena vizuri, kemia ikiwa juu kuliko masomo mengine yote. Nikaingia deziemu ya kweli, na siku ile niliyokaa kwenye benchi lile hakukuwa na mtu duniani wa kumwambia, kwa sababu nyumbani walishasherehekea zamani. Mwaka uliozidi mwishoni niliuficha kwa kusema maprofesa waligoma. Waliamini, maprofesa hugoma. Nikawa mwalimu, nikarudi Baraka, nikaolewa. Nilijiambia nitamwambia baba siku ya diploma. Siku ya diploma alivaa koti la kuazima, na Mzee Etabo akamtambulisha kwa kila mtu kwa lile jina. Nikasema nitamwambia nikizaa. Nikazaa, akambeba mtoto ufukoni akisema, "Mujukuu wa Papa Deziemu!" Sasa ungemwambia saa ngapi? Baba hakuwa na shamba kubwa, hakuwa na mtumbwi, moteur zote alizozitengeneza zilikuwa za watu. Alikuwa na jina. Niliona kumnyang'anya ni kumuua, nikabaki peke yangu nalo, mpaka likaandikwa kwenye mbao.

Wiki tatu baada ya kilio cha baba, binti yangu Feza alikuwa anarudi Kalemie. Siku hizi Bukavu haifikiki kama zamani, kwa hiyo watoto wetu wengi wanapanda boti kwenda kusoma kusini. Baba yake anafundisha Kilembwe na hakuweza kufika. Nilimwandalia mimi safari, unga, ndagala, bidon ya mawese. Nilichinja kuku. Kwaya ikaja, na Mzee Etabo akaja, mkongojo mkononi, macho yamepungua lakini ulimi mzima kama ulivyokuwa. Majina ya madarasa yamebadilika chuoni, ila deziemu imebaki deziemu. Nilikuwa namsaidia Feza kufunga nailoni kwenye mdomo wa bidon. Mwimbaji mmoja akamuuliza kwa nini anaondoka mapema wakati wenzake bado wako nyumbani.

"Naenda deziemu," Feza akasema. Hakuinua macho kutoka kwenye kifuniko.

"Deziemu!" Mzee Etabo akapiga mkongojo chini. "Sawa babu yake! Mupige vigelegele!"

Na wakapiga. Nikaona shingo ya mwanangu inavyoingia mabegani. Naijua ile shingo, ni yangu. Nikainua mkono, nikasema kwa sauti ambayo naitumia darasani tu: "Mungoje. Mutoto hayamaliza kusema."

Kelele zikakatika. Feza akanitazama kama mtu aliyeshikwa mkono dukani.

"Malizia, mama yangu," nikamwambia. "Deziemu nini?"

Akasema, sauti yake ndogo sana, "Deziemu sesio." Na kabla mtu hajasema pole, kabla hajasema loo, nikasema na yangu. Nilisema kila kitu nikiwa nimeshika bidon: bulungi iliyoanguka, ile A, ukumbi wa pili, Jumapili za sipika, maprofesa ambao hawakugoma. Mwisho nikamgeukia Mzee Etabo, nikamwambia anisamehe, kwamba jina walilompa baba yangu kwa heshima nililichafua mimi kabla halijakauka, na kwamba alikufa nalo bila kujua.

Mzee alisugua mkongojo kwa kidole gumba. "Heshima gani?" akauliza.

"Ile ya deziemu, Papa."

"Anjelani. Tulimuita vile sababu alitusumbua!" Akaanza kucheka, kifua kikakoroma. "Mwezi muzima! Mutu anakuja kuuliza samaki, yeye: mutoto yangu iko deziemu. Mutu anazama mu maji, yeye: deziemu. Ungekuwa umefeli, angesema vile vile mutoto yangu amefeli ku Bukavu, na tungemuita Papa Bukavu. Masomo yako sisi tulijua nini?" Akafuta macho. "Alikuwa anapenda tu kukutaja."

Miaka zaidi ya ishirini. Watu walianza kucheka pamoja naye, kwa huruma, na mimi nikasimama katikati ya kicheko kile kile cha zamani, baba hayupo, simu ya kumpigia haipo. Nikaenda jikoni, nikarudi na sahani. Firigisi ilikuwa ya Mzee Etabo kwa haki, ndiye mkubwa aliyebaki. Nikamwonyesha, akatikisa kichwa kukubali. Nikaiweka kwenye bugali ya Feza. Akaishika kwa vidole viwili, akiiangalia, machozi yanamdondoka kwenye sombe.

Nikamsogezea maji. "Tafuna," nikamwambia.